Nani anashika saa ya pesa yetu?

Kuko ulizo moja inayorudi mu kila mkutano wa wachimbaji hapa Kalehe, kuanzia Nyabibwe chini mpaka Numbi kule juu ku milima. Wamama wanaiuliza, walimu wanaiuliza, mapadri na wachungaji wanaiuliza: namna gani mtu anakaa mu shimo wiki na wiki, anatosha kasiterite mifuko na mifuko, na mtoto wake anarudishwa nyumbani juu ya minervali?

Jibu ambalo watu wanapenda kutoa ni fupi: "Mchimbaji hana akili ya pesa. Anakula yote mu nganda." Nimelisikia kwa ma-PDG, nimelisikia kwa wanunuzi, nimelisikia hata kwa wachimbaji wenyewe wakijisema vibaya. Sisi wa sendika tunalikataa. Hatulikatai ili kutetea ulevi, hapana. Tunalikataa juu halina ukweli wote, na tena juu linawasaidia wale wanaotaka tubakie vile tuko. Kama shida yetu ni ujinga, basi hakuna wa kuulizwa kitu.

Ndugu wachimbaji, wamama, vijana, leo tuangalie ile ulizo kwa njia ingine. Kuko elimu inayochunguza namna mtu wa kweli anaamua mambo ya pesa. Haichunguzi mtu wa ku vitabu, yule anapiga hesabu saa zote bila kukosea. Inachunguza mtu anayechoka, mwenye njaa, mwenye deni, mwenye ndugu. Wanaiita uchumi wa tabia. Na kile inaonyesha kinatuhusu sisi moja kwa moja.

Si mchimbaji peke yake

Miaka mingi wanauchumi waliandika kama vile kila mtu anajua kupima faida na hasara. Mu 1979, wataalamu wawili wa saikolojia kutoka Israeli, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walionyesha mambo haiko vile. Waliona mtu akipoteza kiasi fulani, uchungu wake unapita furaha ya kupata kiasi kile kile, karibu mara mbili. Waliona tena kama mtu akiisha kuwa mu hasara, anaanza kujitupa mu hatari ambayo siku ya kawaida angeikataa. Tversky alikufa mu 1996. Kahneman akapewa zawadi ya Nobel ya uchumi mu 2002.

Mu 2017 zawadi ile ile ilienda kwa Richard Thaler, mwalimu wa chuo kikuu cha Chicago. Yeye alionyesha kama kichwa cha mtu kinagawa pesa mu mifuko: pesa ya chakula, pesa ya kodi, pesa ya raha. Ku soko dola ni dola, lakini mu kichwa dola ya mshahara na dola ya bahati hazitumiwi namna moja. Ile iliyokuja ghafla inaenda ghafla.

Sasa muangalie jambo hili: watu waliochunguzwa ili kupata elimu hii walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, wafanyakazi wenye mshahara wa mwezi, hata watu wa banki. Kama ni ugonjwa, ni ugonjwa wa binadamu wote.

Basi tofauti iko wapi? Mfanyakazi wa Brussels au wa Paris hana kichwa kizuri kuliko cha mchimbaji wa Kalimbi. Lakini pesa ya pansheni yake inakatwa mbele aiguse. Pesa ya ugonjwa inakatwa mbele aiguse. Kinachofika mu mkono wake, anaweza kukila chote na bado mtoto wake atasoma. Sisi, pesa yetu inafika yote mara moja, ku mkono, mara mingi magaribi, na watu wote wanaona. Kwao saa ya pesa imeisha kupangwa. Kwetu saa ya pesa inashikwa na mwengine. Na ni hapo kazi yetu inaanza.

Mbolea ya Busia

Busia iko mangaribi ya Kenya, ku mpaka na Uganda. Watu wa kule wanalima mahindi. Ku mwanzo wa miaka ya 2000, watafiti watatu, Esther Duflo ambaye ni Mfaransa, Michael Kremer na Jonathan Robinson, walijiuliza ulizo inayofanana na yetu. Wakulima walijua kama mbolea inaongeza mavuno. Ukiwauliza, karibu wote wanasema: musimu ujao nitanunua. Saa ya kupanda ikifika, wengi hawanunui. Pesa imeisha.

Kuko wangesema: ni wavivu, ni wajinga. Wale watafiti wakajaribu kitu kidogo. Walituma mtu apite nyumba kwa nyumba palepale kisha mavuno, wakati pesa ingali mu mkono, auzishe mbolea kwa bei ya kawaida, na aahidi kuileta mpaka nyumbani bila kulipisha usafiri. Ni ile tu. Wakulima waliotumia mbolea wakaongezeka sana. Ili kupata matokeo kama yale wakati wa kupanda, ingeomba kupunguza bei ya mbolea kwa kiasi kikubwa zaidi. Kazi yao ilitoka mu 2011, na Duflo na Kremer walikuja kupewa Nobel mu 2019 pamoja na Abhijit Banerjee.

Angalieni vizuri. Yule mkulima hakufundishwa maadili, wala hakukuwa mtu wa kumuhubiria juu ya pombe. Bei ilibakia ile ile. Kilichobadilika sana ni saa: walimfikia wakati pesa iko.

Sisi wa Kalehe, mavuno yetu ni siku ya loti kupimwa. Mfikirie timu ambayo imekula kwa deni wiki tatu: maharagi, unga, sambaza, pile za toshi, mbao za kushikilia shimo. Siku ya mizani inafika, mara mingi ni siku ya posho. Ni nani anasimama pale? Mwenye kiosque yuko. Mtu wa PDG yuko. Mwenye piki-piki yuko. Marafiki wako, na mwenye nganda hayuko mbali. Ni nani hayuko? Mwalimu hayuko. Hospitali haiko. Bibi wa mchimbaji, mara mingi, hayuko. Minervali inakuja kazi moja asubuhi, mu mkono wa mtoto aliyefukuzwa, na ile saa pesa imeisha kugawanyika.

Deni iko na miguu, inakuja mpaka ku mizani. Minervali haina miguu. Basi tuipatie miguu. Kamati ya wazazi inaweza kupatana na masomo ili minervali ipokelewe kipande kwa kipande siku za mauzo, na karatasi itoke pale pale. Mwenye telefoni anaweza kutuma sehemu ya nyumba kwa M-Pesa ao Airtel Money mbele hajatoka ku mizani. Ukingoja kufika nyumbani, njia ni ndefu na iko na milango mingi.

Sanduku na ndugu

Kuko utafiti mwingine wa Kenya, tena mangaribi, wa Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, uliotoka mu 2013. Walienda kwa watu wa vikundi kama vile likirimba yetu. Wengine waliwapatia kisanduku cha chuma, kadena na ufunguo, na wakawaambia: humu weka pesa ya kujikinga na magonjwa. Ilikuwa ni ile tu, bila faida na bila banki. Akiba ya watu kwa ajili ya afya ikapanda asilimia 66.

Namna gani kisanduku ambacho mwenyewe ana ufunguo kinaweza kufanya hivyo? Ni ile mifuko ya Thaler. Pesa ikiisha kuingia mu sanduku, imepata jina. Kuitosha juu ya bia kunauma kidogo. Na tena iko na jibu. Ndugu akija kulomba, unaweza kusema bila kudanganya: "Yaya, ile iko ya hospitali." Pesa ya mu mfuko haina jibu, kila mtu anajua iko, na kila mtu yuko na shida ya kweli.

Walijaribu pia sanduku ya pili, ambayo ufunguo ulishikwa na mtu wa mradi, na ingefunguliwa paka siku kiasi kimetimia. Ile haikusaidia vile walitumaini kwa matumizi ya kawaida. Watu wanaogopa kufunga pesa mahali ambapo mtoto akishikwa na homa usiku hawawezi kuitosha. Wana haki. Somo kwetu: akiba iliyofungwa kabisa inatisha, akiba iliyo wazi kabisa inayeyuka. Na utafiti ule ule uliona vikundi vya kuweka pamoja vikileta matokeo makubwa sana.

Hapa kwetu hatuanzi ku zero. Likirimba wazazi wetu waliijua. AVEC, ile njia ya sanduku moja na kadena tatu zinazoshikwa na watu watatu, ilianzia Niger mu 1991 na shirika la CARE, na leo iko mu vijiji vingi vya Kivu. MUSO ndiyo mfano ninaoupenda zaidi, juu inafanya wazi kile Thaler alikiona ndani ya vichwa: iko na kese ya rangi. Kese ya kijani ni ya kukopeshana. Kese nyekundu ni ya matatizo: ugonjwa, kilio, kujifungua. Kese ya bluu ni ya pesa inayotoka inje, kwa banki ao kwa shirika. Pesa ya nyekundu haiingii mu kijani hata kama imejaa. Bamama wa MUSO wengi hawajasoma kitabu cha Chicago, lakini wanajua pesa bila jina inapotea.

Tupige hesabu ndogo, mfano tu. Watu 25, kila mmoja franga 2000 kwa wiki. Ile ni franga 50 000 kila wiki, na kwa mwaka franga 2 600 000, bila kuhesabu faida ya mikopo. Franga 2000 mchimbaji haioni ikipita. Milioni mbili na nusu, kikundi kinaiona.

Shida ni moja: MUSO nyingi ni za bamama wa soko na wakulima, na mukutano ni kila wiki siku moja. Mchimbaji hana pesa kila wiki. Anayo siku ya loti. Ni juu ya ile wengi wetu tunaingia na tunatoka. Basi wachimbaji waunde MUSO inayofuata mizani: kila loti inapouzishwa, kila mtu anaweka sehemu, kwa mfano franga 10 juu ya kila franga 100 alizopata. Loti ndogo, sehemu ndogo. Loti hakuna, hakuna aibu.

Shimo iliyokula pesa

Tabia ya pili inayotuumiza inaua, si paka kufukarisha. Munajua ile maneno: "Tumeisha kuweka pesa nyingi mu hii shimo, hatuwezi kuiacha." Timu imechimba miezi, PDG ameleta mbao, chakula, pompe ya maji. Mushipa hauonekani. Wanaongeza metre. Mbao zinapunguzwa juu pesa imeisha. Wanaongeza tena.

Mu 1985, wataalamu wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walifuata watu walionunua tikiti za michezo ya teatre za musimu mzima. Waliolipa bei kamili walienda mara nyingi, mu nusu ya kwanza ya musimu, kuliko waliopewa tikiti zile zile kwa punguzo. Mchezo ulikuwa mmoja. Lakini aliyelipa sana alijisikia kufungwa na pesa yake. Tikiti ya teatre haiue mtu. Shimo inaua.

Pesa iliyoingia mu shimo imeenda. Metre ingine haiirudishe. Ulizo ya kweli ya kuuliza ni hii: kama ningefika leo, bila kuweka hata franga moja, na ningeona hii shimo vile iko, ningeanza kuchimba hapa? Kama jibu ni hapana, ile pesa ya zamani isikuvute chini.

Tena sheria iko wazi. Kodi ya migodi, ile ya 2002 na ile iliyobadilishwa mu 2018, inaruhusu uchimbaji wa mikono mpaka metre 30, hapana zaidi. Wengi wanaicheka ile namba. Tarehe 11 Septemba 2020, Kamituga, mu teritwari ya Mwenga, mvua ilijaza mashimo ya dhahabu na watu karibu 50 walikufa. Maji haiulize uliweka pesa ngapi.

Dawa ni kuamua mbele, wakati kichwa kingali baridi. Siku ya kufungua shimo, timu na PDG waandike mu kaye: tutachimba mpaka metre fulani, ao mpaka mwezi fulani, kama mushipa hauonekani, tunasimama na tunakutana. Na mbao za usalama zisihesabiwe mu gharama za kupunguza. Mtu aliye mu hasara hapaswi kuamua peke yake kama ataongeza hatari. Kahneman na Tversky walionyesha ile saa ndiyo tunaamua vibaya zaidi. Vijana wanaocheza parifoot wanaijua: tikiti ya nne inanunuliwa juu zile tatu zimepoteza.

Kuchelewa kulipwa kuko kwa namna mbili

Sasa tufike ku jambo ambalo wakubwa wa kazi hawapendi tuligusie.

Kiambu, karibu na Nairobi, wafugaji wa ngombe wanauzisha maziwa. Kooperative inawalipa mwisho wa mwezi. Wanunuzi wadogo wanalipa kila siku, na mara mingi kwa bei ya juu. Hata hivyo wafugaji wengi wanapeleka maziwa ku kooperative. Lorenzo Casaburi na Rocco Macchiavello, mu kazi yao iliyotoka mu 2019, walionyesha sababu: pesa ya kila siku inapotea kidogo kidogo, pesa ya mwezi inafanya kitu. Wengi waliopewa nafasi ya kulipwa kila siku na kooperative waliikataa. Lakini wale wanunuzi wadogo hawakuweza kufanya vile: mfugaji hamuamini mtu wa namna ile ashike pesa yake mwezi mzima.

PDG mmoja akisikia ile habari atafurahi: "Munaona? Kumbe kuwachelewesha ni kuwasaidia!" Hapana, baba. Kule mfugaji alichagua mwenyewe. Siku ya kulipwa inajulikana. Kiasi kinaandikwa. Na anayeshika pesa ni kooperative yake, ambayo anaiamini.

Hapa kwetu loti inaenda, mchimbaji anaambiwa: "Ungoje, kontwari haijalipa." Wiki moja, wiki mbili. Wakati anangoja anakula kwa deni, na deni ile mara mingi inatoka kwa mtu yule yule anayemnunulia. Tuseme unakopa unga wa franga 20 000 na unakatwa 26 000 nyuma ya wiki tatu. Ile ni franga 30 juu ya kila 100, ndani ya wiki tatu. Ku banki gani wanaita ile msaada? Mwenye njaa haulizi bei, na anayekopesha anajua hivyo. Yeye pia anafahamu uchumi wa tabia, hata kama hajasikia jina lake.

Ndiyo maana nasema: ulizo si kama tulipwe haraka ao polepole. Ulizo ni nani anachagua ile saa.

Tena tuseme na hili. Kalimbi, hapa Nyabibwe, ni kati ya migodi ya kwanza ya Kivu ya Kusini ambamo kasiterite ilianza kufungwa na etiketi, mu Oktoba 2012. Ile etiketi iko na namba yake, na ile namba ilikuwa inaandikwa mu kaye ya watumishi wa Leta, ili mwenye kiwanda cha mbali ajue mfuko ulitoka wapi. Vizuri. Lakini deni ya mchimbaji inaandikwa wapi? Mara mingi mu kaye ya anayemdai, peke yake. Mfuko ulipewa historia iliyoandikwa, mtu aliyeutosha hana. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali ya kwanza ya mchimbaji ni jasho lake.

Wenye kuogopa akiba wako na sababu

Kabla ya kumaliza, niseme na wale wanaotufundisha "kuweka akiba" kama vile hatujui neno lile. Watu wa Kivu wako na kumbukumbu. Ku Noeli ya 1979, serikali ya Mobutu iliondoa noti za zaire 5 na zaire 10. Siku zilikuwa chache na kiasi cha kubadilisha kilipimwa, na wazee walibaki na makaratasi mu mkono. Mu 1991, Bindo Promotion ilianguka kule Kinshasa na ikaenda na pesa ya watu. Zaire mpya ikafika mu 1993, franga ikafika mu 1998. Kutoka Septemba 2010 mpaka Machi 2011, Leta ilisimamisha uchimbaji wa mikono mu Kivu zote mbili na Maniema, na hata kisha kufungua, wanunuzi walikosekana kwa muda mrefu. Na tarehe 4 Mei 2023, maji ilishuka Bushushu na Nyamukubi, hapa hapa Kalehe, ikaua watu zaidi ya 400. Pesa iliyofichwa mu zile nyumba ilienda na nyumba.

Mtu aliyepita mu mambo kama haya, akisema "heri kenda shika kuliko kumi nenda uje", hakosi akili. Anapima kile alichokiona. Basi akiba tunayoilomba isiwe ya kungoja miaka 20. Iwe ya karibu, ya watu unaowajua kwa uso, ya kugawa kila mwaka, na isikae yote mu nyumba moja ao mu noti za namna moja.

Mambo tunalomba, na mambo tunafanya

Kwa ma-PDG, kwa kooperative na kwa wanunuzi, tunalomba vitu vinne. Bei ya kilo iandikwe ku ubao mbele ya mfuko kupanda ku mizani, isitajwe kisha. Deni iandikwe mu kaye mbili, moja ya anayedai na moja ya mchimbaji, na sahihi ao kidole cha wote wawili. Malipo yatolewe mchana, ku mahali pa mizani, hapana usiku ku nganda. Na timu ikilomba kwa maandishi pesa yake igawanywe mara mbili, sehemu sasa na sehemu tarehe inayojulikana, kooperative iishike na itoe karatasi. Isipolomba, ilipwe yote pale pale. Kazi ya watu wa SAEMAPE ni kumsaidia mchimbaji. Wawe mashahidi wa hizi karatasi.

Kwetu sisi wachimbaji, tuanze bila kungoja wale. Mbele ya kuingia mu shimo, timu ikubaliane sehemu ya akiba, na iandike. Siku ya mizani, bibi wa mchimbaji ao mtu wa nyumba awe pale. Si kwa kumchunga bwana kama mtoto, ila ili nyumba nayo iwe na miguu mbele ya wenye kudai. Pesa igawanywe mu mafungu yenye majina kabla mtu hajatoka: deni, minervali, afya, nyumba, na fungu moja la raha. Ndiyo, la raha pia. Mtu aliyetoka mu shimo kisha wiki tatu anahitaji kukaa na rafiki na chupa ya Primus. Kama ile raha haina fungu yake, itakula fungu ya wengine.

Na wamama wanaosafisha na kusukuma mchanga, ambao mara mingi hawahesabiwi mu loti, nao waingie mu MUSO ya mizani kama memba kamili. Wao ndio wanajua kese nyekundu inafunguliwa kwa nini.

Timu yoyote inaweza kufanya jaribio hili bila kulomba ruhusa kwa mtu. Loti ijayo, mbele ya mfuko wa kwanza kupimwa, mukae chini dakika kumi, mutoshe kaye na biki, na muandike kila franga itaenda wapi. Kisha loti tatu, mulinganishe na loti tatu za zamani. Mulete ile kaye ku mkutano wa sendika, tuisome pamoja. Hesabu yenu wenyewe itakuwa na nguvu kuliko maneno yangu, na mbele ya PDG pia.